Kiingereza Kina Vineno, Sisi Tuna Vitenzi

  Leo nawapeleka Awasi, kwenye barabara inayotoka Ahero na kupanda kwenda Kericho. Ukisimama kidogo tu kwenye steji ya Awasi utasikia Dholuo kwa mama anayeuza samaki, Kiswahili kwa makanga anayeita abiria, Kikipsigis kwa wasafiri walioteremka kutoka upande wa milimani, na Kiingereza kwenye mabango ya maduka. Watu wa hapo hufasiri kutwa kucha, wengi wao bila malipo na bila hata kujua kwamba wanafasiri. Ndiyo maana nimepachagua.

Shida ninayotaka tuitazame ni ya vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na vineno vidogo: up, off, out, down, over. Kitenzi unakijua, kineno nacho unakijua, lakini vikikaa pamoja maana inahama, na pengine inahamia mbali kabisa. Nahau za Kiingereza nazo zina tabia hiyo hiyo. Wagiriki wanaofasiri Kiingereza wanasumbuliwa na jambo hili kama tunavyosumbuliwa sisi, na si kwa bahati tu. Nitafika huko.

Kwanza twende kwenye hema la mkutano wa injili. Mhubiri ni mgeni, anahubiri kwa Kiingereza, na mkalimani amesimama ubavuni pake na kipaza sauti mkononi. Mhubiri anasema "Don't give up". Mkalimani hasiti: "Msikate tamaa!" Watu wanaitikia. Punde mhubiri anawageukia vijana na kuwaambia wa-"give up" pombe. Hapo tamaa haikatwi tena, pombe inaachwa. Kisha anasimulia habari za kijana aliye-"give up" kiti chake ndani ya matatu ili mzee akae, na Kiswahili kinasema kijana alimpisha mzee. Halafu anakuja mwizi aliye-"give himself up" kwa polisi, naye kwetu amejisalimisha. Kukata tamaa, kuacha, kumpisha mtu, kujisalimisha: Kiingereza kimeyabeba yote kwa maneno mawili yale yale, na hakuna hata moja kati ya hayo manne lenye kutoa wala lenye juu ndani yake. Mkalimani aliyesimama pale hana kamusi wala nafasi ya kufikiri. Anachoweza kufanya, na wakalimani wazuri ndivyo wafanyavyo, ni kuyaacha maneno yapite na kujiuliza: huyu mtu amefanya nini hasa? Akishalijua tendo, Kiswahili kinampa kitenzi chake.

Sasa nieleze kwa nini mambo yako hivyo, maana wengi hudhani Kiingereza kinafanya utundu tu. Mwaka 1985 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Leonard Talmy, alichapisha makala ndefu kuhusu namna lugha zinavyosimulia mwendo. Aliona kwamba ziko lugha zinazouweka mwelekeo wa mwendo ndani ya kitenzi chenyewe, na ziko zinazouweka nje ya kitenzi, kwenye kineno kinachofuata. Kiingereza ni cha kundi la pili: go up, go down, go in, go out. Kitenzi ni kile kile, na kazi yote inafanywa na kineno. Kiswahili hakina haja na kineno hicho. Tunapanda, tunashuka, tunaingia, tunatoka. Dholuo nacho ni vivyo hivyo: idho ni kupanda, lor ni kushuka, donjo ni kuingia, wuok ni kutoka. Na Kigiriki cha leo kinasema anevéno kwa kupanda na katevéno kwa kushuka, neno moja kwa kila tendo. Ndipo mfasiri wa Athens na mkalimani wa Awasi wanapokutana: wote wawili wanapokea Kiingereza kilichotawanya maana juu ya maneno mawili au matatu, na wote wawili lazima waikusanye tena iwe neno moja.

Ukisahau hilo, unapotea hata kwenye sentensi ya mtoto mdogo. Kiingereza kinasema "The child ran out of the house". Nimesoma tafsiri zinazosema mtoto alikimbia nje ya nyumba. Msikilizaji mwenye Kiswahili chake anamwona mtoto tayari yuko uani, anakimbia huku na huku. Kumbe alikuwa ndani, akatoka mbio. Angalia jinsi Kiswahili kinavyopindua mpangilio wote: kile kineno "out" cha Kiingereza kimekuwa kitenzi chetu, kutoka, na kile kitenzi "ran" kimekuwa neno la kuongezea mwishoni, mbio. Alitoka mbio, aliingia mbio, alishuka mbio. Ukiushika mgeuzo huo mmoja, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Tena tunazo zana ambazo Kiingereza kinatamani kuwa nazo. Mojawapo waalimu wa sarufi wanaiita kauli ya kutendua. Mtu amevaa koti, akilitoa amelivua. Mzigo umepakiwa, ukishushwa umepakuliwa. Nguo zimeanikwa, mvua ikitishia zinaanuliwa. Kamba imefungwa, imefunguliwa. Kiingereza kinahitaji on na off, up na down mara nyingi, sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi basi. Na ndege iliyopigwa risasi ikaanguka, ile ambayo Kiingereza husema imekuwa "shot down", sisi tunasema imetunguliwa. Neno ni moja tu, na hakuna msikilizaji atakayeuliza ilikwenda juu au chini.

Wala hatukosi ushirika wa kitenzi kidogo na neno jingine. Tazama piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga marufuku. Tazama kata: kata shauri, kata rufaa, kata kiu, kata tiketi. Mwingereza anayejifunza Kiswahili anaumwa kichwa hapo kama tunavyoumwa sisi na "get" na "put". Na kutoka kwenye magari tumepata kupiga jeki. Jeki ilitoka kwa wageni pamoja na magari, lakini leo timu iliyorudishiwa mshambuliaji wake imepigwa jeki, mkulima aliyepata mbolea ya bei nafuu amepigwa jeki, na hata mtu ambaye hajawahi kugusa gurudumu anaelewa. Hiyo ndiyo nahau iliyozaliwa nyumbani kwa malighafi ya ugenini, na naipenda kwa dhati.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa Awasi wanalo na hawalitumii ipasavyo, nalo ni Dholuo chao. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kuiona lugha ya mama kama kizuizi, kitu cha kuacha mlangoni. Katika kufasiri ni kinyume chake. Dholuo kinasema kech kaya, njaa inaniuma. Kiswahili kinasema njaa inaniuma. Dholuo kinasema nindo otera, usingizi umenichukua. Kiswahili kinasema usingizi umenichukua. Katika lugha zetu hizi mbili njaa na usingizi ndivyo vinavyotenda, binadamu anatendwa. Kiingereza kinamwambia mtu "fall asleep", kana kwamba yeye ndiye anayetumbukia mahali. Mwanafunzi akiandika kwamba babu alianguka usingizini, hana haja ya kamusi kubwa ili ajisahihishe. Ajiulize tu nyumbani wangesemaje kwa Dholuo, na jibu la Kiswahili litamjia lenyewe. Si kila mahali lugha hizi mbili zinakubaliana, lakini zinakubaliana mara nyingi zaidi kuliko Kiswahili na Kiingereza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mto Nyando unatokea milimani, upande wa Nandi na Kericho, unapita nyanda za Kano na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Mvua ikinyesha sana huko juu, mafuriko yanawafikia watu wa bondeni, wakati mwingine hata kama kwao hapajanyesha tone. Taarifa za tahadhari mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kwanza. Kisha zinakuja kwetu redioni, na mtu mwenye haraka anazigeuza. Kiingereza kinasema mto ume-"burst its banks". Tunasoma: Mto Nyando umevunja kingo zake. Msemo huu umezoeleka, nami sisemi haueleweki. Ninachosema ni kwamba unamwambia mtu wa Kano jambo tofauti na lile lililotokea. Kwa Kiingereza maana yake ni kwamba maji yamezidi yakamwagika pembeni. Kwa Kiswahili, kitu kilichovunjika kimevunjika. Na huko bondeni yako matuta yaliyojengwa kuzuia mto. Tuta likibomoka ni habari moja, maana maji yatatoka kwa nguvu mahali pamoja na kufagia kilichoko mbele yake. Mto ukifurika ni habari nyingine, maji yanapanda taratibu na kutanda. Mama mwenye watoto wadogo na mbuzi wake anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kufurika tunalo. Kubomoka tunalo. Kwa nini tumpe kingo zilizovunjika?

Taarifa inaendelea. Wakazi wanaambiwa wa-"move to higher ground", nasi tunawaambia wahamie ardhi ya juu. Ardhi ya juu ni ipi? Waambie wahamie mahali palipoinuka, na ukiweza wataje: shule fulani, kanisa fulani, upande fulani wa barabara. Vijiji vimekuwa "cut off", nasi tunasema vimekatwa. Sema havifikiki, au barabara ya kwenda huko imekatika. Daraja limekuwa "washed away", nimesikia mtu akisema limeoshwa. Jamani, Kiswahili kina kusomba! Daraja limesombwa na maji. Ndani ya neno hilo mna nguvu, mna mwendo, mna kupotea kwa kitu kisirudi. Kiingereza kimetumia maneno mawili na hakijafika hapo.

Sitaki kuwaonea watangazaji. Naijua kazi yao. Habari inaingia kutoka mashirika ya kimataifa au ofisi za serikali kwa Kiingereza, saa ya taarifa imekaribia, na mhariri ana dakika chache. Hapo ndipo misemo ya kuazima inapozalishwa, kisha inasikika hewani, kisha inaingia shuleni, kisha inakuwa Kiswahili. Mingine imekaa vizuri na sina ugomvi nayo. Vita baridi, kwa mfano, imetulia kabisa. Mingine naikataa. "Mwisho wa siku" naikataa, kwa sababu kwa Mswahili mwisho wa siku ni jioni, na hatimaye na mwishowe zipo. "Mkutano utachukua nafasi kesho" naikataa kwa nguvu zaidi, maana kuchukua nafasi ni kukaa mahali pa mwenzako, mkutano unafanyika. "Kucheza nafasi muhimu" katika maendeleo, hapana, maendeleo hayachezwi, watu huchangia. "Waziri amekuja na suluhisho": amekuja nalo kutoka wapi? Amelipata, amelibuni, amelipendekeza. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kinasema jambo tofauti kuhusu waziri huyo, na msikilizaji anastahili kujua ni lipi.

Ninyi wasomaji wa habari mna mfano mzuri ndani ya kazi yenu wenyewe. Mnapotaka watu wasiondoke mnawaambia wasibanduke. Mnapotaka wasikilize mnawaambia wategee sikio. Habari ikiingia ghafla ni habari ya hivi punde. Hamkufuata "breaking news" mkavunja habari, wala "stay tuned" mkamwambia mtu abaki ametegwa. Waliotutangulia katika studio za Kiswahili walitafuta wakapata, na nyinyi mnaweza.

Kwa haki nitaje upande wa pili, maana si kila mara kufuata neno kwa neno ni kosa. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, ukatoka mwaka 1963, kisha ukatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika mchezo huo, Casca anasimulia kwamba Cicero alisema na watu kwa Kigiriki, na kwamba yeye mwenyewe hakuambulia kitu, kwake kilikuwa Kigiriki tu. Waingereza wanao msemo huo hadi leo: wasichokielewa hukiita Kigiriki. Wagiriki nao, wakishindwa kuelewa, husema ni Kichina. Ndani ya mchezo, mfasiri anaweza kukiacha Kigiriki mahali pake, kwa sababu Cicero alisema Kigiriki kweli. Lakini mtu wa leo ambaye hakuelewa barua ya benki, ukimtafsiria kwamba barua ile kwake ni Kigiriki, umemwongezea fumbo. Alitoka patupu, hakuambulia kitu, basi. Msemo ni ule ule, ila mahali tofauti huleta tafsiri tofauti, na mfasiri lazima aangalie nani anasema na nani.

Shule zetu zingeweza kusaidia sana hapa. Mwanafunzi wa sekondari anakariri vitenzi vya Kiingereza na vineno vyake kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza, na anakariri nahau za Kiswahili kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili. Waalimu hao wawili hukaa chumba kimoja cha waalimu na hawapangi somo hilo pamoja. Siku moja tu kwa muhula, wakiweka "put up with" ubaoni na kuvumilia pembeni yake, "put off" na kuahirisha, "pass out" na kuzimia, "look down on" na kudharau, watoto wa Awasi wangeyashika ya pande zote mbili kwa mara moja. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka mwaka 1996, ingewafaa kwa zoezi hilo. Wafundishwe kutafuta kitenzi pamoja na kineno chake. Wasitafute "give" leo na "up" kesho.

Nimeacha mahakama mwisho kwa sababu huko kosa la tafsiri linaweza kumfunga mtu. Fikiria kijana wa bodaboda. Amemgonga mtu au hakumgonga, hilo ndilo linalochunguzwa. Kituoni anaeleza kwa Dholuo: ne waromo kode e steji, tulikutana naye kwenye steji. Afisa anayeandika maelezo anaandika kwa Kiingereza, kama inavyofanyika mara nyingi, na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha mazungumzo, anaandika "I ran into him at the stage". Kwa Kiingereza hakuna ubaya, maana yake ni kwamba alikutana naye kwa bahati. Miezi inapita. Kesi inaitwa, karani anayasoma maelezo na kuyageuza kwa Kiswahili: nilimgonga kwenye steji. Hakuna aliyedanganya. Afisa aliandika alichosikia, karani amesoma alichokiona, maana "run into" ni kukutana na ni kugonga pia. Lakini kijana sasa amekiri kosa kwa kinywa cha mtu mwingine, na kama hajui Kiingereza hawezi kujua kosa la tafsiri limeingilia wapi.

Kwa hiyo makarani na wakalimani wa mahakama, nawaomba: mkikuta kitenzi chenye kineno na kina maana mbili, msichague kimoyomoyo. Simameni, mwambieni hakimu kwamba neno hili lina maana mbili, na mwenye maelezo aulizwe. Dakika moja haitaichelewesha haki. Na maafisa mnaoandika maelezo, andikeni "I met him". Kiingereza chepesi hakimshushii mtu hadhi.

Nawe msikilizaji ambaye siku moja utasimama kizimbani au utamsindikiza ndugu yako huko, lijue hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inasema mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ibara ya 50 inasema mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika katika kesi yake ana haki ya kusaidiwa na mkalimani bila kulipa. Maelezo yako yakisomwa na ukasikia neno ambalo hukulisema, inua mkono useme pale pale, kwa lugha yako, kwamba hilo silo ulilosema. Usiogope ukimya wa chumba. Mkalimani ni haki yako, na hulipi hata shilingi moja.